Namna ya kumtazama mkunga mwambani bila kuumwa

Naongoza wapiga mbizi, na kabla boti haijang'oa nanga lazima mtu aulize: mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, anauma? Anauma, lakini karibu kila mara ni kwa sababu mkono umemfuata tunduni mwake. Mahali pake ni pazuri kutazamwa, iwe Watamu, Mnemba au Mafia, ukienda kwa utaratibu huu.

Hatua ya 1: Chagua maji. Siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, ndizo bora. Bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, huja na mkondo unaokusukuma juu ya matumbawe, nawe ukitafuta pa kujishikiza, kiganja kinaingia ufani.

Hatua ya 2: Tafuta kichwa. Mikunga wengi huwinda usiku, mchana wamejificha na kichwa tu ndicho kiko nje. Pita taratibu ukikagua nyufa na chini ya matumbawe bapa. Ukiona visamaki vyembamba vyenye mstari wa buluu vikiingia na kutoka, subiri hapo; huenda vinamsafisha mkunga kinywa. Mkunga mkubwa wa kahawia, mwenye baka jeusi penye tamvua, hufikia mita 3. Yule mweupe mwenye mabaka meusi mwili mzima ndiye ninayempenda kuliko wote.

Hatua ya 3: Kaa mbali kama mita 2, usome kinywa. Kufungua na kufunga kwa mwendo uleule ni kupumua: anasukuma maji yapite kwenye matamvua. Watu wengi hukimbia hapa bure. Akikitanua na kukiacha wazi, au akijitokeza kukuelekea, rudi nyuma polepole ukimtazama.

Hatua ya 4: Mikono kifuani. Kwa wanaochokoa pweza maji yakipwa, tumieni kijiti, kamwe si vidole. Rundo la makombe na magamba ya kaa mlangoni ni dalili ya pweza, ila mkunga naye anamla pweza, hivyo mwenye nyumba anaweza kuwa mwingine.

Hatua ya 5: Usimlishe. Pua yake ni kali, macho ni hafifu. Hawezi kutenganisha kipande cha samaki na kidole kilichokishika, na wapo wapiga mbizi waliopoteza vidole hivyo. Aliyezoea kulishwa humfuata kila mgeni. Kwenye boti yangu hili sikubali, hata mgeni alipe nini.

Hatua ya 6: Akikushika, usivute. Meno yake yameelekea ndani, na kooni ana taya za pili zinazosogea mbele kukamata windo na kulivuta. Watafiti wa Marekani walilionyesha hilo mwaka 2007. Ukinyakua mkono utajichana mwenyewe. Tulia mpaka alegeze, panda juu bila papara, bana jeraha kwa kitambaa safi, kisha lioshe kwa maji safi na sabuni. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni vitundu vidogo, mweleze daktari kuwa ni mkunga, na uulizie sindano ya pepopunda.