Mazeras hadi Ribe kwa baiskeli: soma udongo kabla ya ramani

Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Majengo, Mombasa, na kwa miaka ishirini na mbili nimekwangua tope la watu. Baiskeli ikiletwa kibandani Jumatatu, kabla mwenyewe hajafungua mdomo, najua Jumapili alikuwa wapi. Vumbi jekundu laini: huyo amepanda vilima vya mchanga nyuma ya Kisauni, au alikuwa Kwale. Unga mweupe: hakwenda mbali na bahari, amezunguka kwenye mawe ya matumbawe. Tope la kijivu lililokauka likawa kama saruji: ameteremka bondeni kuelekea mto Kombeni, kati ya Rabai na Ribe, tena ameteremka siku ambayo hakupaswa, na mara nyingi mkono wa gia, ule wa nyuma unaohamisha mnyororo, umepinda.

Watu hunijia wakitaka njia ya Rabai na Ribe, vijiji vya vilimani nyuma ya Mombasa, wakitoa simu zenye ramani. Mimi huwauliza kwanza mvua ilinyesha lini. Njia ile ni nzuri kuliko zote ninazozijua karibu na mji wetu, lakini hiyo hiyo siku ya Jumamosi inaweza kuwa raha na Jumanne ikawa adhabu.

Sababu iko chini ya tairi. Ukitoka pwani kwenda bara unapita juu ya mistari ya miamba iliyolala sambamba na bahari, na kila mstari una udongo wake. Kwanza matumbawe. Kisha mchanga mwekundu wa vilimani. Kisha ule mwamba laini unaovunjika kama vigae, ambao ukilowa huwa mfinyanzi wa kunata. Kisha chokaa ngumu ya Kambe, yenye kingo kali kama kisu cha samaki. Na juu, Mazeras na Rabai, ni jiwe la mchanga lenye chembe kubwa, ambalo hunywa maji upesi. Mvua ikikatika jioni, kesho yake asubuhi mlimani Rabai unaendesha bila shida. Bondeni chini ngoja siku tatu za jua, na masika ngoja hata wiki.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka mmoja mwezi wa Aprili niliona juu kumekauka nikadhani na chini kumekauka. Nusu ya mteremko, tope lilijaa kati ya tairi na uma unaoshika gurudumu la mbele hadi likakataa kuzunguka. Niliendelea kukanyaga, na hapo ndipo mkono wa gia ulipoingia kwenye spoku ukakatika. Nilibeba baiskeli begani hadi boma la kwanza. Mama mmoja mtu mzima alinipa maji ya kunywa, halafu akanipa kifuu cha nazi, akaniambia, "Kwangua na hiki mwanangu, kijiti hakitoshi." Tangu siku hiyo kifuu hakitoki kwenye mkoba wangu. Plastiki huvunjika, na chuma hukwangua rangi.

Basi chagua msimu. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ardhi ni kavu lakini jua ni kali mno. Lazima uwe umemaliza kazi kabla ya saa nne asubuhi. Mimi napenda zaidi Agosti na Septemba. Kusi inavuma, hewa imepoa, masika yamekwisha na vuli haijaanza. Kijani bado kipo na njia ni ngumu chini ya tairi.

Kuhusu baiskeli, si lazima ununue mpya. Nimewafungia watu baiskeli za mtumba za zamani zenye fremu ya chuma, zikaenda Ribe na kurudi bila malalamiko. Kinachohitajika ni nafasi kwenye uma na nyuma ya pedeli ya kuingiza tairi la upana wa milimita 40 hadi 45, na iachie nafasi ya kidole pande zote, kwa ajili ya lile tope. Breki za diski za waya zinatosha. Gia ndogo ya mbele ni muhimu kuliko gia kubwa, kwa kuwa kupanda kutoka mtoni ni kufupi lakini kumesimama wima.

Upepo wa tairi ndio wengi hukosea. Wamesikia kwamba tairi laini ni starehe, wanaupunguza hadi chini sana, kisha wanafika kwenye mawe ya Kambe na rimu inaing'ata tyubu: matundu mawili kando kando kama meno ya nyoka. Kwa mtu wa kilo sabini na kitu anayetumia tyubu, mimi huweka PSI (kipimo cha upepo kwenye pampu) 35 mbele na 40 nyuma. Kwenye mchanga utahisi baiskeli ngumu kidogo. Vumilia. Beba tyubu mbili, viraka, solushani, pampu na kiungo kimoja cha mnyororo. Wafundi wa pancha wapo Mazeras na kwenye vituo vya boda, lakini tyubu zao ni za pikipiki.

Maji lita tatu. Usitegemee visima, vingine vina chumvi. Madafu utayapata, na yakikosekana sokoni muulize mgema akiwa juu ya mnazi, hatakunyima.

Sasa safari yenyewe. Kutoka kisiwani hadi Mazeras ni barabara kuu ya Nairobi: Makupa, Changamwe, Mikindani, Miritini, malori mwanzo hadi mwisho. Siwashauri watu kuiendesha. Nimezika marafiki wawili kwa barabara za namna hiyo. Pakia baiskeli kwenye matatu ya alfajiri, vua gurudumu la mbele, mlipe kondakta nauli ya mzigo bila kubishana, na ushuke Mazeras saa kumi na mbili na nusu. Kunywa chai na mahamri hapo hapo, kwa sababu mbele utapata mihogo na nazi lakini chai ya moto ni bahati.

Mazeras geuka kulia, upande wa Rabai. Ni kilomita chache tu, na ukiona kijia cha vumbi kinachokwenda sambamba na barabara, kishike. Minazi, mikorosho, miembe, nyumba za makuti. Watoto watakukimbilia, punguza mwendo, kwani mbuzi hufuata watoto.

Rabai simama, hata kama miguu bado ina nguvu. Hapa ndipo Krapf, mmisionari Mjerumani, alipohamia mwaka 1846 pamoja na mwenzake Rebmann. Miaka miwili nyuma, 1844, alikuwa amefika Mombasa na akawazika mke na mtoto mchanga mwaka huo huo. Kaburi liko upande wa Nyali. Walikuja Rabai kwa mashua kupitia hori la Tudor, kisha wakapanda mlima. Mwaka 1848 Rebmann aliondoka hapa kwa miguu na Mei akauona Kilimanjaro ukiwa na theluji, jambo ambalo wasomi wa Ulaya walilikataa kwa miaka. Kanisa la 1887 lipo, na makumbusho yapo. Egemeza baiskeli kwenye mti, si ukutani.

Kutoka Rabai kuna njia mbili za kwenda Ribe. Ya juu inafuata barabara, nayo ni ya kila siku. Ya chini inateremka kwenye bonde la Kombeni na kupanda tena, na hiyo ndiyo ninayoiandikia haya yote. Haina kibao. Vijia hugawanyika kila baada ya shamba, na mwaka huu kinachopita kati ya mihogo mwakani kimelimwa. Kwa hiyo uliza. Shuka kwenye baiskeli kwanza, piga hodi, mwamkie mzee shikamoo, ndipo uulize, "Njia ya kuvukia mto kwenda Ribe ni ipi, na maji yakoje leo?" Swali la pili ni muhimu zaidi. Kombeni ni mto wa msimu. Kwa wiki nyingi ni mawe na vidimbwi. Lakini mvua ikinyesha juu bara huku kwako jua linawaka, maji huja bila taarifa. Kanuni yangu ni moja: nisipoyaona mawe ya chini, sivuki. Narudi Rabai nashika njia ya juu.

Katika mteremko, kaa nyuma ya tandiko, pedeli zilale sawa, na ufunge breki kidogo kidogo kabla ya kona, si ndani ya kona. Vile vigae vya mwamba huteleza hata vikiwa vikavu. Ukifika kwenye mawe ya kijivu yenye matundu, hiyo ni chokaa. Shuka utembee hatua hamsini ikibidi. Ukivuka, usikanyage mara moja. Zungusha gurudumu kwa mkono, ondoa mchanga kwenye breki, kunywa maji. Mlima wa kutokea bondeni unaanza pale pale.

Ribe nayo ina misheni ya zamani, ya Wamethodisti, iliyoanza 1862. Na huku kote utaona misitu minene imesimama peke yake juu ya vilima vilivyolimwa. Hizo ni kaya za Wamijikenda, za Rabai, Ribe, Kambe na Jibana, ambazo UNESCO iliziorodhesha kama urithi wa dunia mwaka 2008. Kivuli chake kitakuita na kijia kitaonekana kama mkato. Usiingie. Kaya ni mahali pa makaburi na maombi. Mgeni huingia kwa ruhusa ya wazee, akiongozwa, akifuata masharti yao ya mavazi, na hakati hata kijiti. Matairi hayaingii kabisa. Nimewahi kumkatalia mteja kazi kwa sababu alijisifu kwamba alipita ndani.

Ambaye bado hajazoea aanzie kusini: Diani hadi Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini. Kuna msikiti wa kale ambao watu bado wanauswalia, kuna mibuyu, na ardhi ni tambarare. Akirudi bila kuchoka, Jumapili inayofuata aende Mazeras.

Kurudi kutoka Ribe fuata njia ya juu hadi Mazeras. Jua litakuwa limepanda na bonde si mahali pa saa saba mchana. Nyumbani osha baiskeli kwa maji baridi ya mfereji, si ya kisima, kwani visima vingi kisiwani vina chumvi na chumvi itakula mnyororo kabla ya mwezi kwisha. Kwangua mfinyanzi kwa kifuu ukiwa bado mbichi. Futa mnyororo kwa kitambaa, tia tone moja la mafuta kwenye kila kiungo, zungusha, futa tena, na uiache imegeuzwa juu chini hadi asubuhi.