Namna ya kupima umaarufu wa kocha wa Kijapani ukiwa Lubumbashi

Kabla ya kubishana kama Hajime Moriyasu, kocha aliyeiongoza timu ya taifa ya Japani katika Kombe la Dunia la 2022, ni mtu maarufu au la, amua kwanza unazungumzia umaarufu wake kwa nani. Ndaye Mulamba, mshambuliaji wa Zaire (Kongo ya leo), alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la mwaka 1974, na rekodi hiyo bado haijavunjwa. Hapa kwetu hata watoto wanalisikia jina lake, lakini ukilitaja Hiroshima huenda ukalazimika kulieleza. Mtendee Mjapani huyo haki hiyohiyo.

Kisha tenganisha maisha yake mawili. Alipokuwa mchezaji alikuwa kiungo mkabaji, kazi isiyompa mtu sifa nyingi, na aliichezea timu ya taifa mechi 35. Wajapani wanamkumbuka hasa kwa sababu alikuwemo uwanjani Doha tarehe 28 Oktoba 1993, Iraq iliposawazisha katika dakika za nyongeza na kuifungia Japani njia ya kwenda Kombe la Dunia la 1994. Huo ni umaarufu wa nyumbani, tena wa machungu.

Upande wa ukocha unahitaji subira zaidi, kwa kuwa hapo ndipo historia yake inapokutana na yetu. Aliipa Sanfrecce Hiroshima ubingwa wa Japani mwaka 2012, 2013 na 2015, na Desemba ya mwaka huo wa mwisho timu yake ikakutana na TP Mazembe, klabu yetu ya Lubumbashi, huko Osaka, katika Kombe la Dunia la Vilabu. Mazembe, bingwa wa Afrika, alifungwa 3-0. Usiishie kwenye matokeo. Tazama ni nani aliyefunga bao la tatu. Alikuwa Takuma Asano, kijana ambaye miaka saba baadaye, chini ya kocha yuleyule, aliifunga Ujerumani bao la ushindi wa 2-1 katika Kombe la Dunia nchini Qatar. Kwa hiyo shabiki wa Kamalondo, mtaa wenye uwanja wa Mazembe, anayedai hajawahi kumsikia Moriyasu, kazi yake ameshaionja, na nadhani hakuipenda.

Katika mashindano hayo ya 2022 Japani iliishinda pia Uhispania 2-1, kabla ya kutolewa na Kroatia kwa penalti. Ndipo dunia ilipoanza kumtambua yule mtu wa suti anayeandika kwenye kijidaftari pembeni mwa uwanja. Hata hivyo, usimpandishe kupita kiasi: Hidetoshi Nakata, kiungo wa zamani wa Japani aliyestaafu soka mwaka 2006 bila kugeukia ukocha, angali na jina kubwa kuliko lake katika miji mingi ya Ulaya.

Mwisho, mwangalie unayebishana naye. Akiwa mtu wa Mazembe, anza na Osaka, naye atakusikiliza kwa uchungu. Akiwa mtu wa Lupopo, mahasimu wa Mazembe hapa mjini, iache Osaka kwanza, maana atacheka mpaka usiku uingie kabla hujafika Qatar.