Ofisi inahama mbali? Fanya hivi kabla hujasema unaenda au huendi

Nimekaa HR (idara ya wafanyakazi) miaka mingi na barua za "tunahamisha ofisi" nimeziandika mwenyewe, siku hizi nasaidia wafanyakazi wanaozipokea, so najua kampuni inategemea nini: inategemea uchoke, ukasirike, uache kazi mwenyewe. Ukiacha mwenyewe umewarahisishia maisha maana hapo hakuna cha kukulipa zaidi ya siku zako ulizofanya kazi na likizo. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Siku ya tangazo usijibu kitu

Bosi anaitisha kikao, anasema ofisi inahamia mji mwingine kilomita 300 kutoka hapa, watu wanaguna, alafu kuna mmoja lazima asimame aseme "mi siendi, bora niache kazi". Pembeni kuna mtu anaandika muhtasari wa kikao. Nilishaona mhasibu mmoja akisema hivo kwa hasira tu, mwezi uliofuata faili lake linasomeka amejiuzulu, ikachukua miezi kulifuta hilo neno. We sema "nimesikia, naomba nipate kwa maandishi". Basi. Na barua ya kujiuzulu usiiandike hata kama wamekuletea iliyochapwa tayari na wanakwambia ni utaratibu tu.

Hatua ya 2: Tafuta mkataba wako, usome

Najua wengi mlisaini bila kusoma, si kesi. Angalia sehemu mbili: panapotajwa kituo chako cha kazi, na kama kuna kipengele cha uhamisho, kile cha "kampuni inaweza kukupangia kituo chochote". Wakati mwingine kipengele hakipo kwenye mkataba ila kiko kwenye kitabu cha sera za kampuni, kitafute na huko.

Kama mkataba unataja sehemu moja tu na hakuna kipengele cha uhamisho, uko pazuri. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, na Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zote mahali pa kazi ni moja ya mambo yanayotakiwa yaandikwe, na yakibadilika mwajiri anatakiwa ashauriane na mfanyakazi, arekebishe maandishi na amjulishe kwa maandishi. Kushauriana maana yake mnakaa mnaongea, tangazo la ubaoni halihesabiki.

Kama kipengele kipo usikate tamaa, hapa ndo watu wengi wanajitoa mapema. Uingereza kuna kesi maarufu ya 1989, karani wa benki aliambiwa ahame kutoka Leeds kwenda Birmingham, akapewa siku 6, mkataba wake uliruhusu kuhamishwa na bado benki ilishindwa, kwa sababu hata haki ya kumhamisha mtu lazima itumike kwa namna ambayo binadamu anaweza kuitekeleza. Ufaransa nako kipengele kisichotaja mipaka ya eneo unaloweza kuhamishiwa hakina nguvu mahakamani.

Hatua ya 3: Geuza malalamiko yako yawe namba

Hii ndo hatua ninayoipenda na ndo watu wanairuka. Kila mtu anasema "ni mbali". Mbali kiasi gani? Chukua karatasi, andika sasa unatumia dakika ngapi kwenda kazini na utatumia ngapi, nauli ya mwezi sasa na ya huko, kodi ya nyumba kama utahama, mtoto yuko darasa gani na mtihani lini, mwenzi wako anafanya kazi wapi, mzazi unayemuuguza anatibiwa wapi na kliniki ni kila baada ya muda gani. Weka na ushahidi: barua ya shule, kadi ya kliniki, mkataba wa pango.

Kwa nini najisumbua hivi? Kwa sababu sheria nyingi zinauliza swali lile lile: ulikataa kwa sababu ya msingi au ulikataa tu? Tanzania mtu aliyepunguzwa kazi akikataa kazi mbadala bila sababu ya msingi anakosa kiinua mgongo. Uingereza ni hivo hivo, mwajiri akikupa kazi mbadala inayokufaa ukaikataa bila sababu ya maana malipo yanapotea. Mtu wa pili kwenye meza akisema "anaringa tu", karatasi yako ndo inajibu.

Hatua ya 4: Uliza kwa imeili, na uulize yote kwa pamoja

Tarehe ya kuhama ni lini. Nani anahama, ni idara nzima au mimi peke yangu (ukikuta ni wewe peke yako na mwezi uliopita ulilalamikia ovataimu, hiyo ni habari nyingine kabisa, iandike pembeni). Gharama za kusafirisha familia na mizigo nani analipa. Mshahara unabadilika? Naweza kufanya kazi nikiwa nyumbani siku kadhaa? Asiyeweza kwenda anawekwa kundi gani, la walioacha kazi au la wanaopunguzwa kazi? Hilo swali la mwisho huwa linachelewa kujibiwa, mi nilikuwa nalichelewesha makusudi kwa maagizo ya wakubwa, kwa hiyo kumbushia kila wiki.

Akikupigia simu kujibu, mwandikie baadae "kama tulivyoongea leo umesema hivi na hivi". Asipokanusha, hiyo imekaa.

Hatua ya 5: Jibu lako

Ukitaka kwenda, kubali kwa masharti yaliyoandikwa, usikubali kwa ahadi ya "tutaangalia huko huko". Ukiwa huna uhakika omba kipindi cha kujaribu, Uingereza sheria inampa anayepunguzwa kazi wiki 4 za kujaribu kazi mbadala bila kupoteza malipo yake, kwingine unaomba tu, ukinyimwa hujapoteza kitu.

Ukishindwa kwenda, chunga sana maneno. Usiandike "nakataa" wala "naacha". Andika hivi: "Niko tayari kuendelea na kazi yangu katika kituo kilichotajwa kwenye mkataba wangu. Kwa sababu zilizoambatanishwa siwezi kuhamia kituo kipya. Naomba tujadiliane njia mbadala, na kama nafasi yangu hapa haitakuwepo tena naomba nihudumiwe kama mfanyakazi anayepunguzwa kazi." Alafu endelea kuripoti kazini kama kawaida mpaka siku wanafunga mlango, kutoroka kazini ni zawadi kwao.

Hatua ya 6: Jua unadai nini

Kenya anayepunguzwa kazi ana notisi isiyopungua mwezi na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Tanzania kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, ukiwa umefanya kazi angalau mwaka mmoja mfululizo. Uingereza ukiwa na miaka 2 kazini unaanza kustahili malipo ya kupunguzwa kazi, na sheria yao ya 1996 inasema wazi kwamba biashara kufungwa mahali ulipoajiriwa ni sababu ya kupunguzwa kazi. Marekani hakuna sheria ya taifa inayolazimisha kiinua mgongo, kilichopo ni notisi ya siku 60 kwa kampuni za watu 100 na zaidi zinapofunga kituo. Hiki ni kiwango cha chini tu, mkataba au chama chenu cha wafanyakazi kinaweza kuwa kilishapata zaidi, uliza.

Hatua ya 7: Saa inakimbia

Ukiachishwa, hesabu siku kuanzia siku hiyo. Tanzania una siku 30 tu kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), Kenya ni miaka 3 kwenda mahakamani, kwingine ulizia wiki hiyo hiyo. Na kabla hata ya hapo, leo ukimaliza kusoma, jitumie kopi za mkataba, hati za mshahara na zile imeili za uhamisho kwenye akaunti yako binafsi, zako tu, siri za wateja waachie wenyewe, maana akaunti ya kazini huwa inafungwa asubuhi ile ile unayopewa barua.