Anza na nauli: namna ya kukagua mashamba unakonunua tumbaku

Misimu mitatu nilizunguka Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, kwa pikipiki ya kampuni inayonunua tumbaku, nikiwa afisa ugani wake, na fomu zangu zote zilikuwa safi. Kuna watoto wanaofanya kazi shambani? Hapana. Vibarua wana mkataba? Ndiyo. Mkulima anasaini, nasaini, naaga. Msimu wa nne mvua ilininasa kwenye boma la mkulima mmoja, nikajibanza kwenye bani, kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto, pamoja na kijana aliyekuwa akichochea moto. Lafudhi yake ikanionyesha kwao ni wapi. Mimi ni wa Kasulu, nikamsalimia kwa Kiha, tukaongea mpaka mvua ikakatika.

Hesabu zake nilikuja kuziona kwenye daftari la bosi wake. Ahadi ilikuwa shilingi 500,000 kwa msimu, kulipwa tumbaku ikishauzwa. Chini yake: nauli 35,000, aliyemleta 20,000, unga na maharage 240,000, panga 10,000, kandambili 5,000, dawa ya malaria 30,000, sabuni 20,000. Ilikuwa Machi tu, na alibakiwa na 140,000, huku unga wa mkopo ukiendelea kuandikwa. Kitambulisho chake cha NIDA kilikuwa kwenye sanduku la bosi, "kisije kikapotea". Hakuna aliyemfunga kamba. Ila angeondoka na nini, na kwa nauli ya nani? Babu zetu walipelekwa kwenye mkonge wakaitwa manamba, na sisi wajukuu tukadhani jina hilo limebaki kwenye hadithi.

Kwa hiyo, kama unanunua tumbaku, au zao lolote linalovunwa na watu waliotoka mbali, acha fomu ndani ya begi kwanza.

Nenda wakati kazi imepamba moto. Kwa tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la moto banini, ni kuanzia Januari, majani yanapochumwa na kukaushwa. Ukienda Septemba kwenye vitalu vya miche utaona familia yenye furaha. Fika alfajiri, na usimpigie simu mtu wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, siku moja kabla, maana habari itakutangulia shambani. Alfajiri ndipo utaona nani anachuma majani yenye umande. Nikotini hupenya kwenye ngozi kupitia ule unyevu, mtu akaumwa kichwa na kutapika, na mtoto huumia upesi zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi hatarishi, na kifungu cha 6 kinakataza kazi ya kulazimishwa. Rudi tena usiku. Bani linataka moto saa zote, na anayelala pale mlangoni mara nyingi ndiye asiye na pa kulala pengine.

Halafu piga hesabu ya mikono. Mkulima akikwambia ekari nne analima yeye na mama watoto tu, tazama uani: sahani ngapi zimeanikwa, mikeka mingapi, kandambili za ukubwa gani.

Unapoongea na kibarua, ongea naye mbali na bosi, ikiwezekana kwa lugha ya kwao. Usimuulize kama analazimishwa. Atasema hapana, tena kwa heshima. Muulize nani alilipa nauli ya kuja. Kitambulisho chako kiko wapi sasa hivi? Mara ya mwisho kushika pesa mkononi ilikuwa lini? Ukipata msiba nyumbani kesho, utaondokaje? Hilo la msiba ndilo linalofungua mambo. Nimeona mtu mzima akiangalia chini akanyamaza. Usiandike jina lake mbele ya watu.

Kisha omba daftari la madeni. Lipo, hata ukiambiwa halipo. Linganisha bei za unga humo na za dukani.

Sasa sehemu ambayo wakubwa zangu hawakuipenda. Mkulima yule hakuwa jambazi. Mbolea alikopa, na fedha za mauzo zilipitia chama cha msingi zikachelewa, kwa sababu sisi wanunuzi tulichelewa kulipa. Tukichelewa wiki sita, kibarua anakula wiki sita nyingine za mkopo. Basi weka tarehe ya malipo kwenye mkataba wako na uitimize, na kwenye pembejeo unazokopesha tenga fungu la fedha taslimu ili kibarua alipwe kila mwezi, asaini mwenyewe. Nauli ihesabiwe gharama ya shamba, isiandikwe kama deni la mtu. Mnunuzi wa Uingereza mwenye mauzo ya pauni milioni 36 kwa mwaka au zaidi hudaiwa taarifa ya kila mwaka na Sheria ya Utumwa wa Kisasa ya 2015, kwa hiyo dodoso lake litakufikia. Lijaze, lakini usidhani kulijaza ndio ukaguzi.

Ukikuta tatizo, usikimbilie kumfuta mkulima. Ukimfuta leo, kibarua anafukuzwa jioni bila senti. Kwanza kitambulisho kirudi mkononi mwa mwenyewe, deni la nauli na la aliyemleta lifutwe, alipwe siku alizofanya kazi, na achague kubaki au kurudi kwao. Akiwa mtoto, mwite afisa ustawi wa jamii au piga 116. Ukiona kipigo, vitisho au watu walioletwa kwa udanganyifu, nenda polisi na ofisi ya kazi; usijifanye mpelelezi.

Msimu unaofuata rudi shamba lilelile, uulize waliokuja wamekujaje. Yule kijana wa bani nilimkuta tena Novemba. Alikuja kwa treni, na tiketi alikuwa bado nayo mfukoni, amekunja mara nne, akanionyesha kabla sijamuuliza.