Somo: Kutambua jenasi za nyigu wa Scoliidae (anza na bawa, rangi baadaye)

Wale nyigu weusi, wakubwa, wenye manyoya, wanaozungukazunguka chini chini juu ya samadi na miwa huku Kibos na Muhoroni ni wa familia ya Scoliidae. Wengi wetu huona mistari ya njano tumboni na kumpa jina papo hapo. Rangi ndiyo inayodanganya zaidi, kwani dume na jike wa spishi moja huweza kutofautiana hadi ukaapa hawana undugu.

Mdudu akishalala kwenye friza usiku kucha, mchome pini upande wa kulia wa kifua na umtandaze mabawa kabla hajakauka. Lenzi inayokuza mara 10 inatosha kwa hatua tatu za kwanza.

Hatua ya 1. Hakikisha familia. Lielekeze bawa la mbele kwenye mwanga wa dirisha, ulilaze kidogo. Sehemu ya nchani, pale mishipa inapokwisha, ina mikunjo mingi myembamba iliyolala sambamba kama bati la paa. Sasa mgeuze chali. Chini ya kifua pana bamba bapa linalofunika mashina ya miguu ya kati na ya nyuma, na miguu hiyo imeachana sana. Usipoyaona haya mawili, huyo si wa somo hili.

Hatua ya 2. Jinsia. Hesabu pingili za kipapasio: jike 12, dume 13. Jike ana vipapasio vifupi vilivyojikunja na miguu minene yenye miiba ya kuchimbia. Dume ni mwembamba, vipapasio virefu, na tumbo lake linaishia kwa miiba mitatu. Hiyo miiba huwatoa watu mbio bure. Dume hana sumu.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Karibu na ukingo wa mbele wa bawa kuna safu ya vyumba viwili au vitatu. Tafuta mshipa mfupi unaopanda kutoka katikati ya bawa na kuigusa safu hiyo kwa chini. Ukiwa mmoja tu, uko kwenye kabila (kundi la jenasi zinazokaribiana ndani ya familia) la Scoliini, wenye Scolia na Megascolia. Ikiwa miwili, uko Campsomerini, wenye Campsomeriella, Micromeriella, Megameris na wengine. Usihesabu vyumba badala ya mishipa: hata ndani ya Scolia idadi ya vyumba hubadilika.

Hatua ya 4. Kutenganisha jenasi za Campsomerini ni kazi ya darubini: umbo la vichokoo (miiba mikubwa) vya mguu wa nyuma na viungo vya uzazi vya dume. Betrem, Mholanzi aliyeligawa lile kundi kubwa la Campsomeris, aliegemea sana hivyo vya dume. Kama huna darubini, andika "Campsomerini" kwenye lebo na uishie hapo. Lebo fupi ya kweli naipenda kuliko jina refu la kubahatisha.

MASWALI

Mwanachama, Ahero: Mwalimu, picha ya simu haitoshi?
Jibu: Inatosha ikiwa bawa limetandazwa na mishipa inaonekana. Picha ya mdudu akiwa juu ya ua, mabawa yamekunjwa, itakupa familia tu.

Mwanachama, Mumias: Wamejaa kwenye miwa yangu. Niwapulizie dawa?
Jibu: Hapana, ndugu. Jike huingia udongoni kumtafuta funza mweupe wa mbawakawa, yule anayekula mizizi. Humdunga akapooza, humtagia yai, na buu wa nyigu humla. Scolia ruficornis alichukuliwa Zanzibar akapelekwa Samoa kupambana na chonga, mbawakawa mwenye pembe anayeharibu minazi. Wewe umeletewa bure.

Mwanachama, Nakuru: Wangu ni mkubwa, mabawa yanang'aa buluu, mishipa miwili. Si Megascolia huyo?
Jibu: Umeshajijibu, dada. Mishipa miwili.