Kagua mbao za paa kabla ya mvua

Wenye nyumba wa Kigoma wanaosubiri mvua za Novemba wangefanya vyema kupanda darini mapema wakiwa na tochi na bisibisi, kwa sababu kuvu inayoozesha mbao haionekani mtu akiwa sebuleni. Vijimbegu vyake, visivyoonekana kwa macho, vimo hewani kila mahali na haviwezi kuzuiwa. Kinachoamua ni maji. Mbao ambayo unyevu wake hauzidi asilimia 20 ya uzito wake mkavu haiozi, lakini ile inayolowa mara kwa mara chini ya tundu la msumari kwenye bati, au fremu ya mlango inayogusana na sakafu yenye unyevu, hupenywa na nyuzi nyembamba zinazomeng'enya mti kutoka ndani na kutambaa hadi mbao ya jirani iliyolowa pia.

Choma kwa bisibisi: ikizama bila nguvu, na mbao imegeuka kahawia na kupasuka kimirabamiraba, huo ni uozo (mchwa huacha njia za udongo, basi tusiwasingizie). Ziba kwanza panapovuja, kisha kata sehemu iliyooza pamoja na kipande kinachoonekana kizima pembeni yake, kwa kuwa nyuzi hutangulia dalili. Kupaka rangi juu ya mbao iliyolowa ni kufungia maji ndani. Mninga hustahimili sana, ila ni kiini chake tu. Ile sehemu nyeupe ya nje huoza upesi.