Elektroliti mseto ya polima na kauri: kausha kwanza, pima baadaye

Maelekezo haya ni ya kutengeneza utando wa elektroliti, yaani tabaka linalopitisha ayoni kati ya ncha mbili za betri: polima ya polietilini oksaidi (PEO) yenye LiTFSI (chumvi ya lithiamu) na unga wa LLZO (kauri ya oksaidi ya lithiamu, lantani na zirkoni), kwa betri ya lithiamu inayofanya kazi kwenye nyuzi 60 za Selsiasi. Kuchanganya si kazi ngumu. Kinachoharibu ni maji na kiyeyushi vinavyobaki ndani ya utando, na hatari yake ni kwamba mabaki hayo hupandisha upitishaji wa ayoni: utando mbovu hupimwa ukaonekana bora kuliko ule mzuri.

Kwa hiyo anza na oveni ya ombwe. PEO yenye uzito wa molekuli 600,000 ikae saa 48 kwa nyuzi 50. Usizidishe, maana huyeyuka karibu na nyuzi 65 na unga wote utashikana. LiTFSI huvumilia nyuzi 120 kwa saa 24, na isifunguliwe hewani tena baada ya hapo. LLZO ina tatizo lake. Ikikaa hewani, maji na kaboni dioksaidi hujenga ngozi ya lithiamu kaboneti juu ya kila chembe, na ngozi hiyo huwazuia ayoni kuvuka kati ya kauri na polima. Joto la kukaushia haliiondoi. Choma unga kwa nyuzi 700 hivi ndani ya arigoni kwa saa chache, uusage upya, kisha uuhifadhi kwenye kisanduku cha glavu (kisanduku kilichofungwa, chenye gesi ya arigoni, ambacho mikono huingia kwa glavu zake) chenye maji na oksijeni chini ya sehemu 1 kwa milioni. Kazi yote inayofuata ifanyike humo.

Vipimo vya kundi moja:
- PEO: gramu 1.00
- LiTFSI: gramu 0.362 (oksijeni 18 za polima kwa kila lithiamu 1)
- LLZO, chembe chini ya mikromita 1: gramu 0.15, yaani asilimia 10 ya jumla
- Asetonitrili kavu: mililita 20

Asetonitrili ni sumu na hushika moto upesi. Zima mzunguko wa gesi wa kisanduku wakati inapovukizwa, la sivyo mvuke wake utachosha vichujio.

Mpangilio una maana. Yeyusha chumvi kwanza katika asetonitrili, tia LLZO, tawanya kwa mawimbi ya sauti kwa dakika 30 chupa ikiwa imefungwa, ndipo unyunyize PEO kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukitanguliza polima, mchanganyiko unakuwa mzito na madonge ya kauri hayavunjiki tena. Koroga polepole kwa saa 24. Mwendo mkali hukata minyororo ya polima. Acha utulie hadi mapovu yaishe, umimine kwenye sahani ya tefloni yenye kipenyo cha sentimita 10, iliyo sawa kabisa. Funika nusu, uache ukauke saa 24. Ukiharakisha utapata vitundu; ukichelewesha mno, kauri huzama na upande wa chini huwa na chembe nyingi kuliko wa juu. Weka alama upande wa chini.

Sasa rudi kwenye ombwe, nyuzi 60, saa 48. Usiamini saa peke yake: pima uzito mpaka usibadilike, kisha angalia spektra ya infraredi karibu na 2250 kwa sentimita. Kilele kikionekana hapo, asetonitrili bado ipo, na itashambulia lithiamu. Mwishowe gandamiza kwa nyuzi 90 kati ya karatasi za tefloni hadi mikromita 100.

Kupima upitishaji, kata kiduara cha milimita 16, kibane kati ya bamba mbili za chuma cha pua na upime impidansi (ukinzani kwa mkondo geu) kutoka hezi 1,000,000 hadi 1 kwa milivolti 10, ukisubiri saa 1 kila unapobadili joto. Gawanya unene kwa zao la ukinzani na eneo: sentimita 0.01, omu 10 na sentimita za mraba 2.01 hutoa simensi 5 × 10⁻⁴ kwa sentimita, jibu la kawaida kwenye nyuzi 60. Pima unene baada ya jaribio pia, kwa sababu utando wenye joto hubanwa ukapungua. Kwenye nyuzi 25, PEO huganda kuwa fuwele na thamani hushuka hadi karibu 10⁻⁵. Ukipata kubwa zaidi ya hapo kwa mbali, shuku kiyeyushi kwanza.

Jaribu pia seli ya lithiamu pande zote mbili kwa miliampea 0.1 kwa sentimita ya mraba. Volteji ikipanda taratibu, tabaka la mpakani linakua. Ikishuka ghafla na kutulia chini, usifurahi: mche wa lithiamu (mwiba wa metali unaoota kutoka kwenye elektrodi) umetoboa utando, na seli ina shoti.

Kwa seli kamili chagua kathodi (elektrodi chanya) ya LFP, yaani fosfati ya lithiamu na chuma, uishie kuchaji kwenye volti 3.8. PEO huanza kuoksidishwa karibu na volti 4, na unga wa LLZO ndani yake hauizuii.